Mvua Ikikatika Watabomoa

Jumatatu, 10 Machi

Leo mto ulimchukua Resiato, binti ya Namunyak, na nusura usimrudishe. Ana miaka tisa. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa vilima, huku kwetu hata vumbi halikulala, kwa hivyo watoto walipotoka shule ya ng'ambo waliingia majini kama kawaida, maji ya magoti. Walipofika katikati yakaja mengine. Wanasema yalikuja na mlio kama wa lori. Watoto tisa walivuka. Resiato alibebwa mpaka pale mto unapopinda, akashika waya wa ua wa shamba, akaning'inia hapo hadi mchungaji mmoja alipomtoa. Mkono wa kushoto umevunjika mahali pawili.

Nilikuwa dukani Kitengela nikimpimia mteja dawa ya kupe simu ilipoingia. Namunyak hakulia. Alisema tu, "Soipan, kuja hospitali." Nilimkuta ameketi kwa benchi na kiatu kimoja cha mtoto mapajani. Nimesoma na yeye kutoka darasa la kwanza, na akinyamaza vile huwa naogopa.

Mtoto alipomaliza kufungwa plasta, mama yake aliniuliza, "Kwani ile shule yetu ya Oltiyani ilifungwa kwa nini?"

Nilimjibu kile ambacho kila mtu kwetu hujibu, kwamba hedimasta Njogu alikula kila kitu akatoroka. Lakini niliposikia sauti yangu ikisema hivyo, nilitambua sijawahi kumuuliza mtu yeyote aliyeona.

Naandika katika daftari la matangazo ya dawa za mifugo. Nataka tarehe zikae mahali.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Hakuna mtoto aliyevuka.

Alhamisi, 13 Machi

Leo tumeingia Oltiyani. Miaka kumi na sita tangu ifungwe nimepita nje yake nikienda kazini, na sijawahi kukanyaga ndani tena. Kutoka barabarani huonekana kama zizi kubwa la mawe. Ukikaribia unaona ni mawe ya machimbo yetu wenyewe, yaliyochongwa vizuri, na kuta zote za madarasa zimesimama wima. Kilichoenda ni paa, milango na madirisha. Ndani kuna mavi ya mbuzi hadi kwenye kifundo cha mguu, na mti wa mgunga umeota katikati ya darasa la nne, mrefu kuliko mimi.

Darasa la nane ubao ungali upo, kwa sababu haukuwa wa mbao. Ulikuwa saruji iliyopakwa rangi nyeusi ukutani, na ukuta hauwezi kuibwa. Namunyak alipapasa kona ya chini akacheka peke yake. Alikuwa amechora jina lake hapo kwa msumari tukiwa darasa la saba, akachapwa.

"Nilikuwa nakaa hapa," akasema, akasimama mahali penye dawati lake. "Wewe hapa mbele. Kila wakati mbele."

Tulipima kwa hatua. Kutoka nyumbani kwake hadi mlango huu ni hatua mia sita na kidogo, na hakuna mto katikati. Tuliokota koleo la mtu lililoachwa hapo tukaanza kutoa mavi.

Jumamosi, 15 Machi

Akina mama kumi na wawili walikuja na majembe, wanaume wanne pia. Tulisafisha madarasa mawili. Saa saba gari jeupe likasimama kwenye matope, akashuka Emmanuel Kisemei. Huyu ni mtoto wa kwetu, anauza ardhi za watu wengine kwa watu wengine. Alitusalimia kwa Kimaasai, akamshika kila mtoto kichwa, halafu akatoa ramani kwa mfuko wa nailoni.

"Mama zangu, mnafagia nyumba ya mtu," akasema. "Hii ekari kumi na mbili iko na taito, hati ya umiliki. Mwenyewe anajenga maghala."

"Hii ni shule," nikamwambia.

"Shule gani? Onyesha mimi kwa ramani." Alinyoosha kidole. Kweli, kwa ramani pameandikwa namba tu. "Hapa kulikuwa na nasari ya kanisa, ikakufa yenyewe. Shule ya serikali haijawahi kuwa."

Namunyak akamwambia, "Kisemei, kaka yako mkubwa alisoma hapa."

"Dada, makaratasi haijui kaka yangu." Akakunja ramani. "Mimi sigombani na nyinyi. Tingatinga ingekuwa imekuja wiki jana, ni hii matope inazuia. Mvua ikikatika watabomoa. Si mtoe watoto mapema."

Gari lake lilikwama. Wale wanaume wanne walimsukuma, na sikuwalaumu, tumelelewa hivyo. Lakini tangu saa hiyo nimeanza kuiangalia mvua kwa jicho lingine. Ndiyo inayowazuia watoto wetu kusoma, na ndiyo inayoshikilia kuta.

Jumanne, 18 Machi

Nimeenda Kajiado kwa ofisi ya ardhi. Nilihudumiwa na Bi. Mukonyo, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, ambaye husikiza bila kutingisha kichwa. Nilipomaliza akasema, "Ninaamini mlisoma hapo. Lakini mimi siandiki imani. Niletee kitu kinachoonyesha shule ilikuwa ya umma na vile ardhi ilitoka. Rejista, barua, kumbukumbu za kamati. Kikao cha malalamiko ya eneo lenu ni tarehe ishirini na mbili Mei."

Mvua kubwa njiani. Nilifurahi.

Jumatano, 19 Machi

Baba aliniuliza mbona viatu vyangu viko na saruji ya zamani. Nikamwambia natoka Oltiyani. Aliendelea kunywa chai yake. Nikamkumbusha alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, labda amehifadhi karatasi mahali.

"Karatasi zote alienda nazo Njogu," akasema. "Wacha hiyo nyumba, enkerai ai, mwanangu. Ina nyoka."

Baba yangu, Mzee Simel, ana miaka sabini na tisa. Sijawahi kumjua akiogopa nyoka.

Jumamosi, 22 Machi

Tumevunja mlango wa stoo, mlango pekee uliobaki kwa sababu ni wa chuma na kutu imeuunganisha na fremu. Ilichukua saa mbili. Paa lake la zege lingali zima. Ndani giza, popo, na harufu ya karatasi iliyooza. Mchwa wamekula rejista nyingi zikabaki majalada tu, ukizishika zinamwagika mkononi kama unga. Lakini moja ilikuwa juu ya mizani ya kupimia mahindi ya chakula cha shule, mchwa hawakuifikia. Darasa la Nane, 2009.

Tuliisoma tukiwa tumechuchumaa mlangoni. Majina ishirini na saba. Muhula wa kwanza alama zimejaa. Kuanzia Juni zinapungua, ule mwaka wa kiangazi kikubwa, watu walihama na ng'ombe hadi Namanga na kuvuka mpaka. Siku ya mwisho ni Ijumaa, 14 Agosti. Tulikuwa tisa darasani siku hiyo, na mimi na Namunyak tulikuwemo.

Namunyak alishuka na kidole jina kwa jina. Huyu anachonga mawe machimboni. Huyu alikufa akizaa. Huyu ana duka Kitengela. Huyu hatujui. Alipofika jina lake mwenyewe alisema, "Huyu aliolewa Disemba." Alipofika langu akaliruka, kwa sababu sote tunajua. Huyu alipelekwa bweni Kajiado, akafanya mtihani, akaenda chuo, akapata cheti.

Rejista inaonyesha shule ilikuwepo. Haionyeshi iliendaje. Kila shule huwa na kitabu kikubwa ambamo hedimasta huandika matukio. Hicho hakikuwa stooni.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Dukani mauzo ya dawa ya minyoo.

Jumatano, 26 Machi

Nimepata alipo hedimasta. Mteja mmoja anatoka Ngong, akasema mwalimu mzee kwa jina Njogu anaishi nyuma ya soko, anafuga sungura. Nitaenda Jumamosi. Nimeyapanga maneno yangu na hakuna zuri hata moja.

Jumamosi, 29 Machi

Niandike hii polepole.

Nilimkuta ameketi kwa kiti cha plastiki mbele ya vizimba vya sungura, blanketi kwa magoti. Amekuwa mdogo. Nilikuwa nimemkumbuka kama mtu mrefu sana. Nilianza kujitambulisha akaniinulia mkono.

"Soipan Simel. Hesabu tisini na moja, Kiingereza sabini na nne. Ulikuwa unaandika haraka sana, unasahau nukta."

Nilikuwa nimekuja kumgombeza, na maneno hayo yakanitoa kwa njia. Lakini nilimwambia. Nilimwambia watu wanasema alikula mabati, madawati, na ardhi. Nilimweleza habari za Resiato na mkono wake. Nilimwambia watoto thelathini hawaendi shule mto ukijaa, na kila mwaka tunamtaja yeye.

Alisikiza yote. Halafu akaniuliza, "Baba yako yuko hai?"

"Yuko."

"Ulimuuliza?"

"Alisema karatasi ziko na wewe."

"Hapo alisema kweli." Aliinuka kwa taabu, akaingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa kwa gunia la sukari na kamba ya katani. "Nilitoka nacho kwa sababu waliniambia nikichome. Nimekaa nacho miaka hii yote nikingoja mtu wa Oltiyani aje kukiuliza. Sikujua atakuwa wewe. Ningependa awe mtu mwingine."

"Kwa nini?"

"Usikisome barabarani, mama. Kisome ukifika."

Nilikisoma. Nilikaa kwa jiwe nje ya Oltiyani kabla sijafika nyumbani, nikafungua mahali pa 2009. Mwandiko wake ni mzuri kama ule wa ubaoni.

Tarehe tatu Julai: wanafunzi mia moja na kumi na wawili kati ya mia mbili na arobaini. Tarehe kumi na saba Julai: mizoga ya ng'ombe sita kwenye uwanja wa mpira, wavulana wakubwa wameomba ruhusa ya kuichoma. Tarehe thelathini Julai: themanini na mmoja. Mtoto amezimia paredi, hajala tangu juzi.

Halafu tarehe kumi na nne Agosti, kurasa mbili. Kamati imekutana. Kuna tajiri aliye na nyasi kavu na lori la maji. Yuko tayari kuwasaidia wanakamati kuokoa ng'ombe wao, ikiwa ekari kumi na mbili za shule zitaondolewa kwenye ramani wakati ardhi ya ranchi ya pamoja inagawanywa, na kuandikwa kwa jina lake. Malori matatu ya nyasi. Maji hadi mvua inyeshe. Shule ifungwe kwa sababu ya upungufu wa wanafunzi. Hedimasta amekataa kutia sahihi. Amesema watoto watarudi mvua ikirudi. Ameambiwa yeye si mtu wa hapa.

Kumbukumbu za kamati zimegundishwa kwa gundi ukurasa unaofuata. Sahihi tano. Ya kwanza, kwa herufi kubwa zinazotetemeka: SIMEL, MWENYEKITI.

Mwalimu alikuwa ameniambia jambo moja zaidi nikiondoka, na sasa ndipo nimelielewa. Alisema jioni alikuwa akifundisha watu wazima kwa lile darasa la nne, na baba yangu alikuwa mwanafunzi wake. Yeye ndiye aliyemfundisha Baba kuandika jina.

Jumapili, 30 Machi

Sikuenda kanisani.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Baba aliuliza mbona sili.

Jumatano, 2 Aprili

Nimemuuliza. Alikuwa zizini akimfunga ndama, asubuhi, manyunyu. Niliweka kitabu juu ya ua nikafungua pale penye sahihi yake. Hakuwa na miwani lakini hakuhitaji. Alijua umbo lake.

"Njogu alikihifadhi," akasema.

"Ni kweli, Baba?"

Aliendelea kufunga kamba hadi akamaliza. "Nilikuwa na ng'ombe mia moja na arobaini. Ulikuwa unaona. Ulikuwa unanisaidia kuwainua kwa mkia asubuhi, wengine wanasimama, wengine hawasimami. Walibaki kumi na tisa. Hao kumi na tisa walipona kwa sababu ya hizo nyasi. Unajua uliendaje bweni?"

"Najua. Uliuza wawili."

"Basi. Ulisoma kwa hizo nyasi. Chuo yako ni hizo nyasi. Sasa unataka kunisomea mashtaka?"

Hilo ndilo linalonichoma hadi sasa. Kila nilichopata kilitoka hapo. Nilisimama na kitabu kikilowa, nikakifunika kwa shuka.

"Wenzangu ishirini na sita hawakuuziwa ng'ombe wapate karo," nikasema mwishowe.

"Mimi si baba wa wenzako."

"Ulikuwa mwenyekiti wa shule yao."

Alinitazama kama anayenipima kwa mara ya kwanza. Akaniambia nikichome kabla jua halijatua, tusahau. Kwamba wazee wanne kati ya wale watano wamekufa na aibu yote itamwangukia yeye peke yake, na mimi ndiye nitaileta.

"Sitakichoma, Baba."

"Basi ukalale nacho mahali pengine."

Nimepanga nguo kwa begi.

Alhamisi, 3 Aprili

Nilienda kwa Namunyak kabla ya kazi. Ningeweza kumpa kitabu kikaenda Kajiado na asijue habari za nyasi mpaka siku ya kikao. Nilifikiria hivyo njia nzima, na ninaandika hapa ili nisijifanye mtu mzuri. Lakini nilimwambia, yote, pamoja na bweni.

Alikuwa akikamua mbuzi. Hakuacha kukamua.

"Nilikuwa na miaka kumi na tano," akasema. "Nilikuwa nataka kuwa nesi. Shule ilipofungwa baba akasema, sasa huyu anataka nini nyumbani." Mkono ukasimama. "Kwa hivyo nilibadilishwa na nyasi."

"Ndiyo."

"Na wewe ukazila."

"Ndiyo."

Akaniambia niende. Nimelala kwa mwenye duka, kwenye chumba cha magunia ya chumvi ya ng'ombe.

Ijumaa, 4 Aprili

Shule zimefungwa leo kwa likizo. Mto bado umejaa.

Jumatatu, 7 Aprili

Namunyak alikuja dukani. Alinunua chumvi ambayo hakuihitaji. Akasimama kaunta mpaka wateja wakaisha.

"Nimekaa na hasira siku nne," akasema. "Hasira yenyewe iko, usidhani imeisha. Lakini nilifikiria, Kisemei anangoja nini? Anangoja tukosane. Lete begi yako kwangu."

Nikaanza kumshukuru akanikatiza.

"Usinishukuru. Una cheti cha ualimu, unauza dawa ya kupe. Tarehe ishirini na nane shule zinafunguliwa. Utafundisha."

"Bila kibali? Bila paa?"

"Wakati wa Njogu tulianza chini ya maturubai. Wewe ulikuwa mbele, hukuona nyuma palivyokuwa panavuja."

Jumanne, 15 Aprili

Nimeacha kazi. Mwenye duka alisema nimerogwa, kisha akanipa chaki boksi mbili alizokuwa akiandikia bei.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mchungaji alihubiri juu ya kuheshimu wazazi, na nusu ya kanisa ikageuka kuniangalia. Kwa hivyo habari imeenea. Baba alikuwa safu ya pili. Alipita karibu yangu mlangoni kama anayepita kando ya nguzo. Mama mmoja wa ukoo wetu akaninong'oneza kwamba binti anayemvua baba yake nguo hadharani hata mvua humkwepa. Nilitoka nje ikaninyeshea mpaka nikalowa, nikamwangalia mama huyo nikitabasamu. Haikuwa heshima. Nilihitaji.

Jumatatu, 28 Aprili

Tumefungua. Watoto thelathini na mmoja, gredi ya kwanza hadi ya tatu, darasa moja. Maturubai mawili yamefungwa kwa kamba za katani, mvua ikijaa juu tunasukuma kwa ufagio. Resiato aliandika tarehe ubaoni kwa mkono mzima. Nilikuwa na hofu nitakuwa nimesahau. Baada ya dakika kumi nilikuwa nimeanza kupiga kelele kama mwalimu yeyote.

Ijumaa, 2 Mei

Kisemei alirudi na mnyororo na kufuli, na askari mmoja. Tulikuwa kwa somo la kusoma. Askari akaniambia nimeingia mali ya mtu bila idhini, nitoke.

"Afande, unaweza kunikamata," nikamwambia. "Ila hawa ni thelathini na mmoja na wazazi wako malishoni. Nani kati yenu wawili atabaki nao mpaka saa tisa?"

Alimwangalia Kisemei. Kisemei akaangalia viatu vyake. Mtoto wa gredi ya kwanza akamuuliza askari kama bunduki yake ni nzito. Akasema ni nzito. Akaomba maji, akanywa, akamwambia Kisemei kwamba aliambiwa kuna wavamizi, hakuambiwa kuna darasa, kama ana amri ya korti ailete.

Walipoondoka Namunyak aliuchukua ule mnyororo. Tumeufungia mlango wa stoo.

Jumatano, 7 Mei

Manyunyu.

Jumapili, 11 Mei

Hakujanyesha siku tatu.

Jumatano, 14 Mei

Jua. Udongo mweusi umeanza kupasuka. Nimejikuta nikitafuta mawingu katikati ya somo, watoto nao wakaangalia juu.

Jumatatu, 19 Mei

Tingatinga imeshushwa kandokando ya barabara ya Namanga, ya manjano, unaiona kutoka darasani. Dereva alikuja kwa miguu kupima kama udongo utaibeba. Kijana mpole, anaitwa Mwololo. Alipoona watoto akavua kofia. Nilimuuliza atafanya nini akiambiwa. "Mwalimu, mimi huendesha tu," akasema. "Lakini nikikuta watu ndani siwashi." Nikamwambia atatukuta ndani. Akasema, "Basi sawa," kama mtu aliyeondolewa mzigo.

Tumekubaliana zamu. Kuanzia leo kuna mama wawili hapa kila saa ya mchana, na wanaume wanalala hapa usiku.

Alhamisi, 22 Mei

Kikao kilikuwa saa nne. Tulienda watu arobaini kwa lori la mchanga. Mwalimu Njogu alitoka Ngong peke yake na fimbo, akakaa nyuma. Halafu Namunyak akaenda akamwinamishia kichwa, akaguswa utosini kama tunavyosalimia wazee, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Yule mzee alitoa kitambaa akajifanya anapangusa miwani.

Nilimpa Bi. Mukonyo rejista na kitabu cha matukio. Nilisoma kwa sauti zile kurasa mbili. Nilisoma pia majina matano. Baada ya lile la kwanza nikasema, "Huyu ni baba yangu mzazi."

Kisemei alikuwa amejiandaa. Alisema hicho ni kitabu cha mwalimu mwenye kinyongo, mtu aliyekuja kutoka mbali, na mtu yeyote anaweza kugundisha karatasi. Hakuna hata mjumbe mmoja wa hiyo kamati anayekubali kulikuwa na mkutano. "Niko na shahidi," akasema. Mlango ukafunguliwa akaingia Baba, shuka yake nyekundu ya sherehe, fimbo yake nyeusi.

Sikujua angekuja. Alisimama katikati. Bi. Mukonyo akamuuliza kama anaijua ile sahihi.

"Siijui," Baba akasema.

"Kulikuwa na mkutano tarehe kumi na nne Agosti?"

"Hapana."

"Kulikuwa na shule ya umma?"

Alihamishia fimbo mkono wa pili. "Kulikuwa na nasari ya kanisa."

Nyuma yangu watu waliguna. Mimi nilikuwa namwangalia mikono. Aliishika fimbo vile alivyokuwa anamshika ng'ombe asiyesimama. Nilitaka kuinuka nimwite mwongo mbele ya kila mtu, na pia nilitaka mtu amletee kiti.

Bi. Mukonyo aliandika, akaweka kalamu. "Mzee, swali la mwisho. Huyu aliyesoma ni binti yako. Alisoma shule gani ya msingi?"

Angeweza kusema Kajiado, bweni. Hapo ndipo nilipofanyia mtihani, na ingetosha. Kisemei alikuwa hata ameanza kukunja karatasi zake. Baba aligeuka akanitafuta kwa macho, mara ya kwanza tangu siku ya zizi. Akanitazama muda mrefu, mpaka karani akakohoa.

"Oltiyani," akasema. "Darasa la kwanza mpaka la nane. Kila mwaka nambari moja. Hata mkaguzi kutoka wizara alikuja kumpa mkono, na mimi nilikuwa mwenyekiti, nikasimama hapo."

Bi. Mukonyo akaandika hilo pia, polepole, akamsomea, akamuuliza kama ndivyo alivyosema.

"Ndivyo."

"Mkaguzi wa wizara hakagui nasari ya kanisa, mzee."

"Hakagui," Baba akasema. Akaketi.

Sijui kama lilimponyoka kwa majivuno au alitupatia makusudi. Nimegeuza hilo kichwani njia nzima ya kurudi, katika lori, watu wakiimba.

Amri: hakuna ujenzi wala ubomoaji hadi uchunguzi ukamilike, siku tisini. Taito imesimamishwa. Masomo yaendelee kwa muda chini ya usimamizi wa shule ya ng'ambo.

Ijumaa, 23 Mei

Tingatinga imepakiwa ikaenda. Mwololo alipiga honi mara mbili.

Jumanne, 27 Mei

Kisemei alipita kwa pikipiki, gari liko kwa fundi. Akasimama kando ya ua. "Siku tisini si nyingi, Soipan. Zinaisha."

"Mtoto wako wa mwisho yuko gredi gani?" nikamuuliza.

Aliwasha pikipiki akaenda. Najua yuko gredi ya pili na anavuka mto.

Jumanne, 10 Juni

Watoto arobaini na saba. Leo saa tano nilikuwa nikifundisha kutoa kwa kukopa, watoto wakainuka wote kwa mpigo kama wanavyofanya mgeni akifika. Baba alikuwa mlangoni. Hatujazungumza tangu kikao, na hajaniita nyumbani. Alikuwa amefunga viatu vya kutembea mbali, ingawa si mbali.

Niliwaambia watoto waketi. Nikamwambia Baba, kwa adabu, kwamba hatujamaliza, angoje nje.

Sijawahi kumngojesha baba yangu maishani. Niliugeukia ubao nikaendelea, na nilifundisha hadi mwisho, sikufupisha hata mfano mmoja. Kupitia dirisha lisilo na fremu nilimwona ameketi kwa jiwe, juani, mikono juu ya fimbo. Alingoja dakika ishirini na tano.

Nilipotoka nilimwinamishia kichwa, akanigusa. Mkono wake ulikaa hapo zaidi ya kawaida. Hakuomba msamaha na sikumwomba. Aliangalia kuta, akaangalia maturubai yaliyochanika.

"Hii turubai haiwezi kumaliza mwaka," akasema. "Mvua ya Novemba itawapata bila paa."

"Itatupata tukiwa hapa," nikamwambia.